Barua Ambazo Sikuziandika

Mwaka 2002 nilikuwa nangoja barua moja. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili nje ya nchi, na kila jioni nilipita kwenye intaneti kafe iliyokuwa mtaa wa pili kutoka kwetu, Dar es Salaam, nikalipia nusu saa na kufungua barua pepe. Jioni moja nikakuta barua mia nne na ushee. Hakuna hata moja ya chuo. Karibu zote zilitoka kwa mtumaji mmoja aitwaye Mailer-Daemon.

Kijana aliyesimamia kafe alichungulia begani kwangu. "Kaka, hilo jini limekupenda," akasema. Tukacheka. Baadaye nilisoma kwamba hakuwa mbali na ukweli: wahandisi wa MIT, miaka ya 1960, ndio waliolichukua neno hilo la mizimu wakaliitia programu inayofanya kazi kimyakimya bila mtu kuiamuru. Jini langu lilikuwa na ujumbe mmoja tu, limeurudia mara mia nne: barua uliyotuma haikufika.

Barua gani? Nilifungua kadhaa. Yalikuwa matangazo ya vidonge vya kupunguza unene, yamepelekwa kwa watu wa nchi ambazo sijawahi kuzitembelea, na mahali pa mwandishi pamewekwa anwani yangu. Kati ya majini kulikuwa na binadamu wachache wenye hasira. Mmoja aliniuliza kama mama yangu anajua kazi ninayoifanya. Nilimjibu kwa adabu, nikamweleza kwamba si mimi. Hakujibu. Nadhani barua yangu ya kweli ndiyo aliyoitupa.

Sanduku la barua la bure siku zile lilikuwa na nafasi ya megabaiti 2. Liliposhiba takataka zile, kila barua iliyokuja baadaye ilirudishwa ilikotoka. Ya chuo ilikuwa miongoni mwao. Hayo niliyajua miezi miwili baadaye, kwa barua ya posta, karatasi nzuri yenye nembo, ikinieleza kuwa kwa kuwa sikuthibitisha ndani ya muda uliowekwa, nafasi yangu amepewa mwingine. Nilikuwa nimeshabadilisha nywila mara tatu. Haikusaidia, kwa sababu hakuna aliyeingia. Mwizi hakuhitaji ufunguo wa nyumba yangu. Alihitaji kujua tu jinsi jina langu linavyoandikwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma historia ya jambo hili kama mtu anayefuatilia faili la kesi ya ndugu yake. Na kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba baadhi ya watu wa kwanza kumshinda mghushi wa barua pepe mahakamani walikwenda na sheria ya mihuri ya bidhaa. Sheria ya sabuni, ya bia, ya vitambaa.

Kwanza nieleze mlango ulikuwa wazi namna gani. Agosti 1982, Jonathan Postel, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Southern California, alichapisha waraka uitwao RFC 821, uliopanga jinsi kompyuta mbili zinavyopeana barua. Mazungumzo yake ni ya kiungwana sana. Kompyuta moja inabisha hodi na kujitaja. Inasema barua inatoka kwa fulani, inakwenda kwa fulani, kisha inamimina maandishi. Upande wa pili unaitikia kila hatua: sawa, sawa, sawa. Hakuna mahali popote ambapo mwenyeji anamwuliza mgeni, "Una uhakika wewe ndiye?" Wala siwalaumu. Mtandao wa siku hizo ulikuwa kama kijiji cha watafiti wanaofahamiana. Hata mjumbe mwenye makosa alijulikana: mwaka 1978 mwuzaji wa kampuni ya Digital Equipment, Gary Thuerk, alipotuma tangazo la kompyuta kwa watu karibu 400 wa ARPANET, kila mtu alijua ni nani na apigiwe simu wapi.

Ukitaka picha, fikiria bahasha ya posta. Nyuma yake unaweza kuandika S.L.P. yoyote. Unaweza kuandika kwamba barua inatoka Ikulu. Mfanyakazi wa posta haangalii huko, anaangalia iendako. Na isipofikika, anairudisha kwa huyo aliyetajwa nyuma. Tofauti ni kwamba kwa bahasha unanunua stempu. Kwa barua pepe, milioni moja zina gharama karibu sawa na moja, na mzigo wa zile zinazorudi humwangukia mwenye jina lililoandikwa nyuma.

Mzigo huo ndio uliowaangukia Hotmail. Huduma yao ilianza Julai 1996, ikanunuliwa na Microsoft mwishoni mwa 1997. Karibu na wakati huo wakaona barua za malalamiko zinafurika kuhusu matangazo ya picha za ngono na mipango ya kutajirika haraka, yote yakiwa na anwani za hotmail.com. Matangazo hayo hayakuwa yametumwa kutoka kwenye seva zao. Walioyatuma, kampuni iliyojiita Van$ Money Pie na wenzake, waliandika tu jina la Hotmail mahali pa mtumaji, na walikuwa wamefungua akaunti chache huko ili majibu na barua zinazorudi ziangukie humo. Nilipoyasoma hayo niliinuka kwenye kiti. Ndiyo yaliyonipata, isipokuwa kwamba wenzangu walikuwa na mawakili.

Mawakili wakajiuliza: tushtaki kwa kosa gani? Sheria mahsusi ya barua taka haikuwapo kwa nchi nzima. Kulikuwa na njia moja iliyokwishajaribiwa. Februari 1997, mahakama ya shirikisho huko Ohio ilikubaliana na kampuni ya CompuServe kwamba kummiminia mtu barua asizozitaka, baada ya kukatazwa, ni kuingilia mali yake, yaani mashine zake. Lakini hoja hiyo inazungumzia mashine. Haisemi chochote kuhusu jina. Kwa ajili ya jina walikwenda kwenye sheria ya mwaka 1946, iitwayo Lanham kwa heshima ya mbunge wa Texas, Fritz Lanham, aliyeipigania.

Hapa naomba nitoke kidogo niende Mombasa, maana huko ndiko nilikoielewa sheria hii, kwenye kanga za mama. Kanga ina jina lake, yale maneno ya kumpasha jirani, na pembeni ina maandishi madogo ya mwenye mali. Zile alizozitafuta mama ziliandikwa K.H.E. – Mali ya Abdulla. Herufi hizo ni za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana zaidi kama Abdulla, ambaye ukoo wake umeuza kanga tangu karne ya 19. Mama hakuwahi kumwona Abdulla. Hakujua kama yu hai. Alichojua ni kwamba kitambaa chenye maandishi yale hakichuji rangi kwenye beseni. Mtu ambaye angeyachapa kwenye kitambaa hafifu asingekuwa amemwibia Abdulla hata pima moja ya nguo. Angekuwa amemwibia mama yangu: ile imani yake.

Sheria ya alama za biashara imejengwa juu ya wizi wa aina hiyo. Inakataza kuiambia dunia kwamba bidhaa imetoka mahali ambapo haikutoka, iwapo watu wanaweza kuchanganyikiwa kwa hilo. Mwaka 1995 Bunge la Marekani liliongeza kosa la pili, la kuifubaza alama mashuhuri, yaani kuitumia ovyo au kwa mambo ya aibu hadi inapoteza mng'ao wake, hata kama hakuna aliyedanganyika. Mawakili wa Hotmail walichosema, kwa lugha yangu, ni kwamba maandishi yanayofuata alama ya @ ni pindo la kanga. Anayeyaona anaamini amejua mali imetoka wapi. Tarehe 16 Aprili 1998, Jaji James Ware wa mahakama ya shirikisho California alikubali kwamba hoja hiyo ina uzito wa kutosha, akatoa amri ya zuio dhidi ya washtakiwa.

Miezi saba baadaye ikaja kesi kubwa zaidi, Virginia. AOL ilikuwa imewashtaki LCGM, kampuni ya Michigan iliyokuwa na tovuti za ngono. Kwa mujibu wa kumbukumbu za kesi, kati ya Juni 1997 na Januari 1998 watu hao waliwatumia wanachama wa AOL barua zaidi ya milioni 92, na AOL ikapokea malalamiko zaidi ya 450,000. Kwenye vichwa vya barua hizo waliandika aol.com, ambayo si yao. Novemba 10 mahakama iliona mambo yako wazi kiasi kwamba hapakuhitajika kusikiliza mashahidi kuhusu hilo: aliyeipokea barua yenye aol.com angedhani kwa haki kabisa kwamba imetoka kwa AOL au kwa mwanachama wake. Hiyo ilikuwa kutaja asili ya uongo. Na kuliambatanisha jina hilo na uchafu ule kulikuwa kulifubaza.

Napenda hukumu zile, lakini nazisoma kwa wivu. Ziliweka wazi kwamba neno lililoandikwa mahali pa mtumaji si pambo la kiufundi. Ni kauli, na kauli inaweza kuwa uongo wenye mwenyewe. Lakini tazama ni nani aliyesimama kudai. Hotmail, AOL: wenye majina yaliyo mali. Anwani yangu ilikuwa na sehemu mbili, na sheria ile ingeweza kuilinda nusu ya kulia. Nusu ya kushoto, jina nililopewa na babu, halikuwa alama ya biashara ya kitu chochote. Sikuuza kitu. Huwezi kulifubaza jina ambalo halijawahi kung'aa.

Kulikuwa na mtu wa kawaida aliyeshinda, sina budi kumtaja japo si kwa jina: mwanamke wa Austin, Texas, mwenye kikoa cha flowers.com, ambaye mwaka 1997 aliamka akakuta maelfu ya barua zilizorudi baada ya mtu kuiweka anwani yake kwenye matangazo. Alishinda kesi. Lakini hakushinda kwa alama ya biashara. Alishinda kwa hoja za kero na kuingiliwa mali. Na mshtakiwa wake, muhimu kuliko yote, alipatikana.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda, nayo ina shairi ndani yake.

Agosti 2002, karibu na wakati lile jini lilipokuwa likinitembelea mimi, kampuni ndogo ya California iitwayo Habeas ilifungua mlango. Mwanzilishi wake, Anne Mitchell, alikuwa mwanasheria aliyetoka katika harakati za kupambana na barua taka. Wazo lake liligeuza mambo. Badala ya kumkimbiza mwongo, tumpe mkweli kitu ambacho mwongo hathubutu kukiiga. Kitu chenyewe kilikuwa haiku, lile shairi fupi la Kijapani la mistari mitatu yenye mizani 5, 7 na 5. Iliwekwa kwenye vichwa vya barua, pale ambapo macho ya msomaji hayafiki lakini mashine husoma kila herufi. Mstari wa kwanza na wa pili ulihusu kipupwe kinachoelekea kwisha. Wa tatu ulibeba jina la kampuni, pamoja na alama yake ya biashara. Kisha ikafuata mistari sita ya nathari ya kisheria: haki za uandishi, masharti, na mahali pa kuripoti ukiona alama hii ndani ya barua taka.

Kwa nini shairi? Kwa sababu sentensi kavu kama "hii si barua taka" haina mwenyewe. Yeyote anaweza kuisema. Shairi lina mtunzi. Kulinakili bila ruhusa ni kuvunja haki ya uandishi, ambayo nchini Marekani, ukiivunja kwa makusudi, inaweza kukugharimu hadi dola 150,000 kwa kazi moja. Na kwa kuwa ndani ya shairi mna alama ya biashara, anayelinakili anavunja sheria mbili kwa pumzi moja. Watu binafsi waliruhusiwa kulitumia bure kwa ahadi kwamba barua zao ni safi, wafanyabiashara walilipa. Mwandishi wa barua taka asiyejali sheria ya barua taka angewekwa mbele ya sheria ambayo kampuni za muziki na filamu zilikuwa zimeinoa kwa miongo mingi.

Malenga wetu wana desturi ya kulitia jina lao katika beti za mwisho, na wengine hutaja hadi mji, ili asomaye ajue ni nani kasema. Sijui kama kuna utungo mwingine duniani ambao kazi yake pekee ilikuwa hiyo: kutia jina. Mistari mitatu, isiyo ya kuimbwa wala kughaniwa, iliyotungwa ili mtu akiiiba ashtakiwe.

Na kwa muda ilifanya kazi. SpamAssassin, programu maarufu ya kuchuja barua, ilikuwa ikizipa barua pointi kwa dalili mbaya, na barua iliyofikisha pointi 5 ikahesabiwa kuwa taka. Ikiliona shairi la Habeas, ilipunguza pointi nyingi kwa mkupuo. Mwaka 2003 kampuni ikafungua kesi zake za kwanza dhidi ya waliolitumia vibaya. Lakini mwanzoni mwa 2004 yakaja mafuriko ya matangazo ya dawa, na kila tangazo lilikuwa na shairi lile, mistari yote tisa imetimia, alama ya biashara mahali pake. Yalitoka kwenye kompyuta za majumbani zilizotekwa na virusi, ambazo wenyewe hawakujua kitu. Vichujio vilivyofundishwa kuliheshimu shairi vilifungua milango vyenyewe.

Ungemshtaki nani? Bibi wa watu ambaye kompyuta yake ilikuwa ikituma usiku? Sheria iliahidi dola 150,000 dhidi ya mtu asiye na sura wala anwani. Shairi lilikuwa wazo zuri kuliko yote niliyokutana nayo katika faili hili, na lilianguka kwa sababu yeyote aliweza kulinakili na mashine hazikuweza kutofautisha nakala na asili. Matoleo ya SpamAssassin yaliyofuata yakaacha kuliamini. Habeas ikahamia kwenye orodha za watumaji waliothibitishwa, na mwaka 2008 ikanunuliwa na kampuni nyingine, Return Path.

Kuna kichekesho kidogo cha kando. Neno lenyewe, spam, ni alama ya biashara: nyama ya kopo ya kampuni ya Hormel, inayouzwa tangu 1937. Hormel iliupinga usajili wa jina lenye neno hilo uliofanywa na kampuni moja ya vichujio, na mwaka 2007 bodi ya alama za biashara ya Marekani ikaikatalia, kwa kuwa kwa wakati huo neno lilikwishakuwa la watu wote kwa maana ya barua taka. Sheria iliyokuwa ikiombwa ipambane na spam ilishindwa kumrudishia mwenye spam neno lake.

Kazi ambayo mahakama hazikuiweza ilichukuliwa na watu wa mitandao, nami sitakaa sana hapo maana ni habari kavu. Marekani ilipitisha sheria ya barua taka Desemba 2003, ikakataza vichwa vya uongo, na wadanganyifu wakaendelea. Kilichobadilisha hali ni maandishi mafupi yanayowekwa kwenye kumbukumbu za kikoa: SPF, linalotaja mashine zenye ruhusa ya kutuma, DKIM, muhuri wa kihesabu ulio mgumu kughushi, na tangu 2012 DMARC, linalomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyotimiza hayo. Swali ambalo waraka wa 1982 haukuliuliza liliulizwa miaka thelathini baadaye.

Nilidhani alama za biashara zimetoka kwenye hadithi. Kumbe la. Julai 2021 Gmail ilianza kuonyesha nembo ya mtumaji pembeni ya barua, kwa mpango uitwao BIMI. Ili nembo ionekane, kikoa kilipaswa kuwa na DMARC kali, na nembo iwe na cheti. Cheti kilitolewa kwa masharti kwamba nembo imesajiliwa kama alama ya biashara katika ofisi inayotambuliwa. Katika orodha ya mwanzo kulikuwa na Marekani, Kanada, Umoja wa Ulaya, Uingereza, Japani, Australia na nyingine chache. Afrika haikuwa na ofisi hata moja humo. Bei ya cheti ilizidi dola elfu moja kwa mwaka. Mwaka 2023 ikaongezwa tiki ya buluu kwa wenye cheti hicho. Mwaka uliofuata wakaruhusiwa wenye nembo zisizosajiliwa kwa cheti cha daraja la chini, lakini bila tiki. Pindo la kanga limerudi, na safari hii si rahisi kuliiga. Ila mchuuzi wa Biashara Street anayetaka kuwaandikia wateja wake akiwa na tiki anapaswa kwanza kupita kwenye ofisi zilizomo kwenye orodha ya wengine.

Mimi sina nembo. Nina kikoa kidogo chenye jina la babu, nilichokinunua miaka michache iliyopita, na mistari mitatu ya SPF, DKIM na DMARC niliyoiandika mwenyewe usiku mmoja nikikosea alama za nukta. Kila asubuhi naletewa ripoti kutoka kwa kampuni kubwa za barua, faili la tarakimu lisilo na salamu, likinieleza ni mashine zipi jana zilijaribu kutuma kwa jina langu. Ya leo ina mbili zangu na tatu nisizozijua. Mbele ya hizo tatu imeandikwa kwamba zimekataliwa.